Gati moja au magati kumi na manne? Maswali ya wasomaji kuhusu ufukwe, boti na matete

Barua za wakazi wa kando ya maji zimekuwa nyingi msimu huu, nyingi zikitoka Kyela na Ludewa, na chache Iringa. Tumechagua sita. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu mengi ya yaliyoulizwa na wengine yamo humo.

Swali: Shikamooni wataalamu. Tuko kaya 14 kando ya Ziwa Nyasa, upande wa Matema. Viwanja vyetu vimepangana ufukweni, kila kimoja kina upana wa mita 25 hivi upande wa ziwa. Kaya tisa zina boti ya injini. Kila mwenye boti anataka gati mbele ya nyumba yake, na wasio na boti wanasema nao watajenga wasije wakanyimwa baadaye. Wengine hawataki kijengwe chochote, matete yaachwe samaki wazaliane. Kikao cha mwisho watu nusura washikane mashati. Tushike lipi? (Katibu wa wakazi, Kyela)

Jibu: Marahaba, katibu. Kabla ya kikao kijacho, peleka hesabu badala ya hoja. Gati dogo la boti moja halifyeki matete ya upana wake tu. Boti lazima lipite na ligeuke, na watu watakanyaga pande zote mbili, kwa hiyo andika mita 6 kwa kila gati. Mara 14 ni mita 84. Ufukwe wenu wote ni mita 350. Karibu robo imeondoka, na kilichobaki ni vipande vya mita 19 vyenye mianya kila upande. Hapo ndipo watu wanapokosea hesabu: matete yaliyobaki hayana nguvu ileile ya zamani. Wimbi huingia kwenye kila mwanya, huchimba mizizi kutoka ubavuni, na kipande cha mita 19 kinapungua mwaka hadi mwaka. Gati moja la pamoja, hata mkiliachia mwanya wa mita 10, linachukua chini ya asilimia 3 ya ufukwe wenu.

Kwa hiyo wanaosema "hakuna kujenga" na wanaosema "kila mtu na lake" wote tunawapinga. Msipojenga chochote, boti tisa zitaendelea kuburutwa popote, na kila mahali boti linapoburutwa matete hayarudi.

Sheria nayo inawasukuma huko huko. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu hifadhi ya ufukwe, ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Sheria ya Ardhi ya 1999 inauhesabu ukanda huohuo miongoni mwa ardhi hatarishi. Gati haliwezi kukwepa ukanda huo, ndiyo maana haliwekwi kwa makubaliano ya majirani peke yao. Anzeni serikali ya kijiji, muhtasari wa mkutano uandikwe, kisha mwende kwa Afisa Mazingira wa Halmashauri. Yeye atawaelekeza NEMC, baraza la taifa la usimamizi wa mazingira, ambao wana ofisi ya kanda Mbeya, wao ndio wanaoamua kama mradi unahitaji tathmini kamili ya athari kwa mazingira. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa iko Tukuyu, nao wapelekeeni mchoro. Ombi moja la kaya 14 lina sura ya mradi. Maombi 14 yana sura ya uvamizi. Na jambo la kuwekana sawa mapema: ufukwe ulio mbele ya kiwanja si sehemu ya kiwanja. Hakuna mwenye haki ya kuweka uzio mpaka majini.

Mahali pa kuweka gati ndipo penye uzito kuliko gati lenyewe. Kaeni mbali na mlango wa mto. Sisi tusingesogea karibu zaidi ya mita 200. Mbasa hupanda mito wakati wa mvua kwenda kutaga, na hawahitaji kukutana na injini pale mlangoni. Tope la mto nalo litawajazia kina mwaka hadi mwaka, kama wanavyojua watu wa Bandari ya Itungi, ambako mchanga haujawahi kuacha meli zipumue. Sababu ya tatu ni mamba. Tafuteni pale ambapo matete tayari yamekatika au ni machache, hata kama pako mbele ya nyumba ya mtu asiye na boti.

Kisha pimeni kina, na mpime Novemba, maji yakiwa chini. Chukueni mti wa mita 3 uliochorwa alama kila sentimita 10, mwingie majini mkipima kila baada ya mita 2. Boti la injini linataka mita 1 ya maji chini yake ili propela isichimbe mchanga. Tuseme ufukwe wenu unashuka mita 1 kwa kila mita 15: kina cha mita 1 mtakipata mita 15 kutoka ukingo wa Novemba. Ziwa hupanda na kushuka kiasi cha mita 1 ndani ya mwaka, likijaa kuelekea Mei, kwa hiyo ukingo wa Mei uko mita 15 nyingine nyuma. Jumla ni gati la mita 30.

Nguzo ziende jozi kwa jozi kila mita 3. Hizo ni jozi 11, nguzo 22, unene wa sentimita 18 hadi 20. Nguzo za mwisho ziwe na urefu wa mita 5 hadi 5.5: mita 2 ardhini, mita 1 ya maji ya Novemba, mita 1 ya kupanda kwa ziwa, sentimita 75 za kuzidi wimbi, na kinachobaki cha kushikia kamba. Upana wa sakafu mita 1.2 unatosha watu wawili kupishana na gunia. Mbao za inchi 2 kwa 6, ziachane sentimita 2. Mwanya huo una kazi mbili. Unapitisha mwanga kwa mimea ya chini, na unapitisha maji wimbi linapogonga kutoka chini. Sakafu iliyobanwa bila mwanya hung'olewa na wimbi kama kifuniko cha sufuria.

Msijaze mawe wala zege kati ya nguzo. Mchanga wa ufukweni hutembea. Ukiuzibia njia, upande mmoja wa gati utajaa na upande wa pili utaliwa, na huo upande wa pili ni kiwanja cha jirani. Zege bichi nalo likimwagwa majini hubadilisha maji kuwa makali na kuua samaki wadogo walio karibu. Nguzo zishindiliwe, au zishushwe kwa pampu: mpira wa maji unafungwa kando ya nguzo, maji yanachimba mchanga chini ya ncha, nguzo inazama kwa uzito wake. Fundi mwenye pampu ya umwagiliaji anaiweza kazi hiyo.

Jambo la kutisha kwenu ni mwera, upepo mkali wa kusini. Kusini mwa Matema kuna ziwa lote, zaidi ya kilomita 500, na kati ya Mei na Agosti wimbi linakuja likiwa limekimbia umbali huo bila kizuizi. Kwa sababu hiyo msishawishike na gati la kuelea kwenye mapipa. Linafaa ghuba iliyojificha, na Matema si hiyo. Na sakafu yenu isipigiliwe misumari. Itengenezwe vipande vya mita 2.4 kwa 1.2, kila kimoja kikishikwa na bolti nne za milimita 12 zilizopakwa zinki, zenye washa pana. Kipande kina uzito wa kilo 100 hivi, watu wanne wanakibeba. Mwanzoni mwa Mei vile vya nusu ya mbele vinafunguliwa na kupelekwa juu, mwishoni mwa Agosti vinarudishwa. Nguzo tupu hazina cha kumpa mwera ashike.

Ujenzi wenyewe uwe Septemba hadi Oktoba: mwera umetulia, maji yanashuka, mvua hazijaanza, na mbasa hawajaanza kupanda.

Msijenge kwa kuamini kimo cha maji cha mwaka mmoja, wala mitano. Mwaka 1915 ziwa hili lilishuka hata Mto Shire, unaolitoa maji upande wa Malawi, ukakatika kwa takriban miaka 20. Baadaye likapanda mita kadhaa. Waulizeni wazee maji yalifika mti gani. Ubora wa gati la nguzo na vipande ni kwamba mnaongeza jozi moja mbele au mnaondoa moja nyuma, bila kuvunja kitu.

Mitumbwi msiisahau. Novemba sakafu yenu itakuwa karibu mita 1.75 juu ya maji. Mwenye boti atapanda kwa ngazi, lakini mtumbwi wa vyungu kutoka Ikombe haufungwi kwenye gati: unapandishwa mchangani, mama anashuka akiwa na chungu mkononi. Ule mwanya wa mita 10 ugawanyeni, mita 4 za gati na njia ya boti, mita 6 za mchanga mtupu kwa mitumbwi na wapita njia. Mkiwafungia, gati halitamaliza mwaka bila ugomvi, na haki itakuwa upande wao.

Gharama ya ujenzi tunapendekeza igawanywe nusu kwa kaya zote 14 sawasawa, nusu kwa boti tisa. Asiye na boti analipa kidogo lakini analipa, maana thamani ya kiwanja chake nayo inalindwa, na akinunua boti kesho analipa ile sehemu ya pili. Kanuni ziwe chache. Boti halikai kichwani mwa gati zaidi ya dakika 30. La kulala linavutwa juu ya magogo mahali palipotengwa. Mita 100 za mwisho injini iende polepole, mkia wa boti usitoe wimbi. Hakuna kufua wala kuosha vyombo gatini. Njia ya kutoka kwenye nyumba mpaka gati iwe moja, upana mita 1.5, na isinyooke: njia iliyonyooka kuelekea ziwani hugeuka mfereji mvua ya kwanza kubwa, na mvua za Kyela mnazijua. Pelekeni kanuni kwenye mkutano mkuu wa kijiji ili ziingizwe katika sheria ndogo, vinginevyo hazina meno.

Tairi chakavu za kuzuia boti lisijikwaruze zitobolewe chini. Zisipotobolewa zinatunza maji na kuzalisha mbu.

Swali: Fundi anatuambia tutumie nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa, zile za kijani za umeme kutoka viwanda vya Mafinga. Mwenzangu anasema dawa itaua samaki. Nani mkweli? (Msomaji, Kyela)

Jibu: Kila mmoja ana nusu. Dawa ya kijani ina shaba, kromiamu na aseniki. Ikishakauka vizuri ndani ya mti hushikamana nao, na kinachotoka majini ni kidogo, kingi chake kikitoka wiki za mwanzo. Hatari iko kwenye nguzo iliyoharakishwa. Ukiipapasa ukaona unga wa kijani kiganjani, au bado ina unyevu, irudishe. Ziacheni nguzo juu ya ardhi, mbali na maji, wiki sita angalau kabla ya kuzitumia. Kukata na kutoboa kufanyike nchi kavu juu ya turubai, unga ukusanywe na kufukiwa mbali na kisima. Vipande vilivyobaki visigeuzwe kuni, hasa za kupikia. Aseniki haiungui ikaisha, inabaki kwenye majivu na moshi.

Nguzo za kijani zitumike kwa nguzo tu. Sakafu iwe ya mbao ngumu isiyo na dawa, mninga kwa mfano. Tunasema hivyo kwa sababu moja inayojulikana na kila aliyekaa ziwani: leo mtasema gati ni la boti, kesho kutwa asubuhi mtakuta mtu ameanika usipa, dagaa wa Nyasa, juu yake. Nguzo zenye lami nyeusi inayonuka mafuta msizitie majini kabisa.

Mkague nguzo pale zinapokutana na maji. Watu huangalia chini kabisa, lakini chini kabisa mti hudumu, kwa kuwa kuvu wa kuozesha wanahitaji hewa. Unaoza ule ukanda wa mita 1 kati ya maji ya Novemba na maji ya Mei, unaolowa na kukauka. Kila Oktoba chomeni hapo kwa bisibisi. Ikizama zaidi ya sentimita 2 bila kutumia nguvu, badilisheni nguzo hiyo kabla ya mwera unaofuata.

Swali: Jirani yangu, pwani ya Ludewa, amejenga ukuta wa mawe na saruji ukingoni ili boti lake lifunge ubavuni. Tangu hapo mchanga wangu unaondoka, mwembe umebaki mizizi nje. Nami nijenge ukuta? (Msomaji, Ludewa)

Jibu: Usijenge. Utamhamishia tatizo jirani wa tatu, na lako litabaki.

Ufukwe wa mchanga hulivunja wimbi kidogo kidogo, maji yanapanda mteremko, yanapoteza nguvu, yanarudi yakiwa yamechoka. Ukuta wima hauchoshi wimbi, unalirudisha. Linaporudi linachimba mchanga ulio mguuni mwa ukuta, na kwenye ncha za ukuta linajikunja na kuchimba ubavuni, yaani kwako. Tembea uone: kama uchimbaji wako ni mkubwa zaidi mita 5 hadi 20 za kwanza kutoka ncha ya ukuta kisha unapungua, chanzo ni ukuta. Kama ni sawasawa ufukwe mzima, huenda ziwa lenyewe limepanda na jirani umemwonea bure. Pigilia vigingi vitatu, kimoja karibu na ukuta, kimoja katikati, kimoja mwisho wa kiwanja, vyote mita 10 kutoka ukingo wa juu wa mchanga, na upime kila mwezi. Vipimo vya miezi sita ndivyo vya kumpelekea Afisa Mazingira. Picha bila vipimo huleta maneno tu.

Kinachosaidia ni ncha ya ukuta kulazwa: mawe yapangwe mteremko wa mita 1 kupanda kwa mita 2 au 3 kwenda mbele, bila saruji, makubwa nje na madogo ndani. Jirani anaweza kukubali hilo kwa sababu ukuta wake pia unachimbwa mguuni, na siku moja utaangukia boti lake. Mwambie hivyo kwa upole, ukimpeleka aone mwenyewe shimo lilivyo chini ya maji.

Kwako panda matete. Chimba mashina ya ardhini mahali yalipo mengi, ukate vipande vya sentimita 30 vyenye vifundo viwili au vitatu, uvipande mwanzoni mwa mvua kwa nafasi ya sentimita 50, safu tatu, palipo na maji yasiyozidi sentimita 20. Mwaka wa kwanza yatang'oka usipoyakinga. Weka mbele yake mafungu ya matawi yaliyofungwa kwa kamba na kushikwa na vigingi, urefu wa goti. Ng'ombe nao wazuiwe, machipukizi ya matete ni chakula kitamu kwao. Juu ya mchanga panda miti ya mivengi. Mkaratusi usiukaribishe ukingoni, maji unayanywa na chini yake hakuoti majani ya kushika udongo.

Swali: Sisi tuko Migoli, kando ya bwawa la Mtera. Tulijenga gati la mbao, mwaka wa pili likabaki nchi kavu, maji yako mbali hata kuyaona shida. Tulikosea wapi? (Kikundi cha wavuvi, Iringa)

Jibu: Mlijenga gati la ziwa kwenye bwawa la umeme. Mtera likijaa, maji yako mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Kiwango cha chini cha kuendeshea mitambo ni mita 690. Tofauti ni mita 8.5, na inategemea mvua za Ruaha Mkuu na maji yanayoachiwa kwenda kuzalisha umeme, si msimu peke yake. Upande wenu ardhi ni tambarare. Ikiwa inashuka mita 1 kwa kila mita 50, ukingo unahama mita 425. Hakuna gati la mbao la urefu huo.

Kwenu kinachofaa ni njia ngumu ya kushukia na gati dogo la kuelea linaloyafuata maji. Njia iwe ya changarawe iliyoshindiliwa, upana mita 3, ikipita penye ardhi ngumu mpaka chini kadiri maji yanavyowaruhusu kufika. Kiangazi ndio wakati wa kuijenga.

Gati la kuelea la mita 3.6 kwa 2.4 linahesabiwa hivi. Sakafu ya mbao za inchi 2 ni kilo 210, fremu kilo 100, mapipa kumi ya plastiki kilo 90, bolti na kamba kilo 20: jumla 420. Watu sita ni kilo 420, samaki na barafu kilo 100. Yote ni 940. Pipa la lita 200 likizama lote linabeba karibu kilo 200, lakini usihesabu hivyo, hesabu nusu, kilo 100. Mapipa kumi yanatoa 1,000, mmepita. Mkiweka manane, watu sita wakisimama upande mmoja sakafu itainama na mtu atatumbukia. Mapipa yalazwe safu mbili za matano, vifuniko vikazwe na kutazama juu, na mjue yalibeba nini kabla: pipa la dawa ya shambani halisafishiki, liacheni.

Nanga ziwe matofali mawili ya zege ya sentimita 60 kwa 60 kwa 50. Nchi kavu tofali moja lina kilo 430, majini linabaki kama 250. Kila wiki mbili maji yanaposhuka, gati lisogezwe. Pangeni zamu kwa majina, kwani gati hili halifi kwa kuoza. Hufa siku lilipoachwa likakalia tope na watu wakalivuta kwa nguvu.

Ukanda wa mita 60 mpimie kutoka alama ya bwawa likiwa limejaa, wala si pale maji yalipo leo. Wengi wanalima na kujenga vibanda kwenye ardhi iliyoachwa na maji, kisha wanalia yanaporudi. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji iko Iringa mjini, watawaonyesha alama hiyo.

Swali: Gati letu lina mng'ao wa mafuta juu ya maji kila asubuhi. Hakuna anayekubali kuwa ni yeye. (Mama mkazi, Kyela)

Jibu: Mama, huenda ni wote. Angalia mambo mawili. La kwanza, injini za tu-stroki nyingi huchanganywa kwa kukisia. Kipimo cha kawaida ni 1 kwa 50, yaani mililita 400 za oili kwa dumu la lita 20 la petroli; fuateni kilichoandikwa kwenye injini yenyewe. Mwenye "kuongeza kidogo kwa usalama" anaongeza moshi na mafuta majini, na plagi zake hufa mapema. La pili, kujaza tangi boti likiwa majini. Tangi linalohamishika lijazwe nchi kavu, mita 20 kutoka ukingoni, juu ya beseni, kwa faneli. Maji ya ndani ya boti yakiwa na mafuta yanyonywe kwa matambara kwanza, kisha ndipo yamwagwe, na yamwagwe juu ya ardhi. Sabuni ya kuyeyushia mng'ao msiitumie. Mafuta yatazama msiyaone, na sumu itakuwa imeongezeka.

Na kwa kuwa umeuliza habari za asubuhi: watoto wanaooga chini ya gati wakatazwe. Penye kivuli, maji tulivu na majani ndipo konokono wa kichocho hupenda.

Swali: Tuna nyumba ya wageni karibu na Ziwa Masoko, Rungwe. Tunataka boti ndogo ya injini kwa watalii na gati la kupandia. Mnashauri nini? (Msomaji, Tukuyu)

Jibu: Injini hapana. Masoko ni shimo la volkano, halina mto unaolitoa maji juu ya ardhi. Mafuta yanayomwagika Nyasa husambaa. Yanayomwagika Masoko yanabaki Masoko. Watu wengi hulijua kwa hadithi za fedha za Wajerumani zilizotupwa humo, lakini hazina yenyewe inaogelea. Watafiti walionyesha mwaka 2015 kwamba samaki wa jamii moja humo wamekuwa wakigawanyika makundi mawili, wa njano wanaokaa maji mafupi ya kando na wa buluu wa kina kirefu. Wale wa njano makazi yao ni huo ukingo mnaotaka kuujengea.

Mitumbwi miwili ya kasia inatosha wageni wenu. Gati la nini? Chagueni sehemu moja ambapo watu tayari huteka maji, mpange mawe bapa matano au sita kama vidato mpaka maji yanapofika magotini, bila saruji. Mitumbwi ilale juu, imepinduliwa juu ya magogo mawili, na kasia zikae ndani ya nyumba, maana vijana wa jirani wakizikuta nje mtazitafuta katikati ya ziwa.